Kanga, Tufe la Somoe

Haya, sogeeni hapa. Wewe mwenye miguu mirefu, ikunje, wenzio wakae. Leo tunamtembelea Somoe.

Somoe anakaa Mtwara. Ni mdogo kuliko watoto wote wa uani kwao. Lakini mdomo wake! Mdomo wake si mdogo hata kidogo.

Kila jioni watoto wa uani hucheza boling. Kaka yake, Dadi, aliuona mchezo huo kwenye televisheni. Unapanga chupa, unaviringisha tufe, chupa zinaanguka.

Basi wakapanga chupa tupu za maji. Upepo ukaja, fuuu! Chupa zikaanguka zenyewe.

Wakazitia mchanga kidogo. Dadi akaviringisha mpira wa matambara. Pu! Chupa zikasimama vilevile, hazina habari.

"Tunataka tufe la kweli," akasema Dadi.

"Mjomba atanichongea!" akasema Somoe. Huyooo, mbio!

Mjomba Liponda ni kaka yake Mama. Ni fundi wa vinyago. Asubuhi anachonga mpingo, mchana anachonga mpingo. Kwa Mjomba, mti ni mpingo. Mingine yote ni kuni.

"Shikamoo, Mjomba. Nichongee tufe!"

"Marahaba, mpwa wangu. Kubwa kiasi gani?"

Somoe akaonyesha kwa mikono. "Kama nazi!"

Ko, ko, ko! Mjomba akachonga. Kwaru, kwaru! Mjomba akapiga msasa. Tufe likatoka jeusi, linang'aa. Somoe aliuona uso wake humo.

"Chukua, ni lako," akasema Mjomba.

Somoe akavuta pumzi. Akashika.

Sukuma, sukuma!
Wapi! Tufe halitaki.

Mpingo ni mti mzito, jamani. Hata ukiutupa majini, unazama. Mjomba hakulifikiria hilo. Mikono yake imeshazoea.

Ikabidi Dadi aje kulibeba. Jioni akaliviringisha. Gurugurugurugu... paa! Chupa chini! Watoto wakaruka kwa furaha.

Zamu ya Somoe ikafika.

Sukuma, sukuma!
Wapi! Tufe halitaki.

Na uani kwao kuna sheria. Usipoangusha chupa, unaokota. Watoto wakaimba:

"Hukuangusha? Okota!
Hukuangusha? Okota!"

Somoe akaokota chupa, akazipanga. Zikaanguka, akaokota tena. Tufe ni lake, na yeye ndiye mwokota chupa! Inauma, nyie.

Usiku, Somoe akataka kulala na tufe lake.

Sukuma, sukuma!
Wapi! Tufe halitaki.

Tufe likalala mlangoni peke yake. Somoe akalala amenuna.

Kulipokucha, Dadi akambebea tufe mpaka kwa Mjomba.

"Mjomba, tufe langu zito. Lipunguze!"

Mjomba akajikuna kidevu. "Tulitoboe matundu. Mti ukitoka, uzito nao unatoka."

Akachukua keekee, ile ya kutobolea mbao. Kriii, kriii! Tundu hapa. Kriii, kriii! Tundu pale. Tufe likajaa matundu kote.

"Haya, jaribu."

Somoe akasukuma kwa nguvu zake zote. Tufe likasogea kidogo. "Linakwenda! Mjomba, linakwenda!"

Akalisukuma polepole njia nzima kurudi nyumbani. Njia yenyewe ni ya mchanga. Unajua mchanga ulifanya nini?

Uliingia kwenye matundu. Wote! Tufe likala mchanga, likashiba. Likawa zito kuliko jana.

Sukuma, sukuma!
Wapi! Tufe halitaki.

Somoe akakaa chini, puu! Machozi yakamtoka. "Mimi nitaokota chupa mpaka nizeeke!"

Mama akachungulia kutoka jikoni. "Nani huyo anazeeka huko nje? Njoo unishikie sinia, mwanangu. Nakuna nazi."

Mama akaipiga nazi. Ta! Ikawa vipande viwili. Akakaa juu ya mbuzi. Si yule mbuzi wa mee! Mbuzi wa kukunia nazi, mwenye ulimi wa chuma na meno makali.

Kwaru, kwaru, kwaru! Nyama nyeupe ya nazi ikamiminika kwenye sinia. Mama akaweka vifuu vyote viwili kando.

Somoe akaokota kifuu kimoja. Kumbe chepesi! Akakiweka kichwani, hakikumwelemea. Akachukua na cha pili. Akaviunganisha. Nazi nzima tena, duara vilevile!

Somoe akaacha kulia papo hapo. "Mama, narudi sasa hivi!"

Huyooo, mbio!

"Mjomba! Mjomba! Tulikune tufe!"

"Tufanyeje?"

"Tulikune kama nazi! Tutoe nyama, tubaki na kifuu!"

Mjomba akacheka mpaka akaangusha patasi. Halafu akaacha kucheka. Akachukua kifuu mkononi mwa Somoe, akakigeuza.

"Somoe, mpingo ni mgumu," akasema. "Nikiukata vibaya, unapasuka. Hatutakuwa na tufe kabisa."

Lilikuwa tufe zuri. Lakini tufe lisiloviringika ni la nini?

"Kata, Mjomba," akasema. "La kutazama tu silitaki."

Dadi akalirudisha tufe kwa Mjomba. Mjomba akashika msumeno. Kere, kere, kere. Somoe akajifunika macho kwa viganja. Lakini vidole aliviachia nafasi, ili aone.

Kere, kere, kere... ka!

"Mama yangu!" akapiga kelele Somoe.

"Tulia," akasema Mjomba. "Tazama."

Vipande viwili. Safi kabisa, kama nazi ya Mama!

Mjomba akaanza kuchokoa ndani kwa patasi. Ko, ko, ko! Mti ukatoka na mchanga ukatoka. Akaziba matundu yote kwa vijiti vya mti mweupe. Akapaka gundi, akaunganisha, akafunga kwa mpira wa baiskeli.

"Imekauka?" akauliza Somoe.

"Bado."

"Sasa je?"

"Bado!"

"Na sasa?"

"Somoe, kacheze huko!"

Mpaka kesho yake, ndipo Mjomba akafungua. Akasugua kwa msasa. Tufe likatoka jeusi, lenye madoa meupe kila mahali.

"Kama ndege kanga!" akasema Somoe. Na tufe likapata jina. Kanga.

Somoe akavuta pumzi. Akashika. Akainua.

Juu! Juu ya kichwa chake! Mjomba akapiga makofi.

Jioni hiyo chupa zikapangwa. Dadi akaanza. Alilirusha tufe kwa nguvu zilezile za juzi, kumbe Kanga sasa mwepesi. Viii! Likazipita chupa, likaenda moja kwa moja kwenye banda la kuku.

Kwekwekwekwe! Kuku wakaruka huku na huku. Hakuna chupa hata moja iliyoanguka.

Zamu ya Somoe. Akalifuata tufe bandani, akalibeba mwenyewe.

Sukuma, sukuma!
Hilooo! Tufe linakwenda!

Gurugurugurugu... paa! Chupa hii chini, na ile chini, na ile! Ikabaki moja. Inayumba, inayumba.

"Anguka! Anguka!" akasema Somoe.

Ikaanguka, pu!

Ungesikia kelele za uani siku hiyo! Somoe aliruka mpaka kandambili moja ikamtoka mguuni.

Halafu watoto wakamgeukia Dadi. Mnajua walichoimba. Haya, tuimbe nao:

"Hukuangusha? Okota!
Hukuangusha? Okota!"

Dadi akaona aibu. Akainama, akaanza kuokota. Mara akaona mikono midogo kando yake, nayo inaokota.

"Nakusaidia, kaka," akasema Somoe. "Kazi hii naijua vizuri."

Dadi akacheka. Wakazipanga wote wawili, wakacheza mpaka Mama akawaita kula.

Usiku Mama akaja kuzima taa. Akakuta shuka imetuna.

"Somoe! Tufe halilali kitandani."

"Juzi lililala mlangoni kwa sababu lilikuwa zito, Mama. Leo nimelibeba mwenyewe."

Mama akatazama shuka. Akamtazama Somoe. Akawafunika wote wawili vizuri, akazima taa.

Kanga akalala. Somoe naye akalala.

Na wewe je? Mbona macho bado yako wazi? Haya, yafumbe.