Kocha Alisahau Kuziba Mdomo

"Rudisha nyuma kidogo," Dale alisema huku anatafuta funguo za gari. "Hapo kocha wao anaposogea mstarini. Anasema nini?"

Noreen akarudisha mkanda. Kwenye televisheni, bila sauti, kocha wa Omaha alifungua mdomo.

"Anasema 'Tulsa'. Mrushaji wao analipaza neno hilohilo, halafu mpira unakwenda kushoto."

"Andika."

"Nimeshaandika. Hii ni mara ya nne."

"Mke wangu, wewe ni dhahabu." Akambusu utosini. "Nimalizie mkanda huo. Karatasi nitaichukua Jumatano niwape wachapaji wainakili kwenye karatasi yangu ya uwanjani."

Jumatatu zao zilikuwa hivyo kwa miaka kumi na moja. Mama yake Noreen, Bernadette, alizaliwa kiziwi, na ndiye aliyemfundisha bintiye kusoma midomo, mezani, kama mchezo wao wawili. Dale alipogundua kipaji hicho, enzi zile akiwa msaidizi wa kocha katika chuo kidogo, alimchumbia ndani ya mwezi mmoja. Noreen ndiye aliyemzoesha kuziba mdomo kwa karatasi yake ya mbinu anapoita mchezo, ili asisomwe na wengine.

Mwaka huu Toledo walimpa timu yao ya mpira wa Kimarekani, timu iliyochapwa misimu sita mfululizo. Noreen aliacha kazi yake ya kufundisha watoto viziwi kule Erie, akamfuata. Sasa ilibaki mechi moja, Jumapili, na Omaha. Wakishinda, wanaingia mtoano. Wakifungwa, Dale atafungasha kama waliomtangulia.

"Nivumilie msimu huu tu," alimwambia mkewe tangu Agosti. "Msimu ukiisha tunatafuta mtoto."

Noreen alikuwa na miaka thelathini na minane. Alivumilia. Alivumilia hata zile siku tatu kila wiki ambazo mumewe alilala ofisini, maana makocha wote hulala ofisini.

Mkanda ule ulikuwa wa mechi yao wenyewe. Toledo na Omaha hukutana mara mbili kila msimu, na hii ilikuwa ya Septemba. Siku hiyo Noreen alikuwa jukwaani na wake za wachezaji, amepiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kwenye televisheni hakuwahi kuiona.

Robo ya nne, Toledo wakiongoza kwa pointi ishirini, kamera ikamgeukia Dale. Alikuwa ameshusha karatasi, anatabasamu. Alikuwa anaongea kwa hedifoni na Teague, msaidizi wake aliyekaa juu kwenye chumba cha vioo, mtu aliyesimamia harusi yao. Noreen alimsoma bila hata kukusudia.

"Mwambie Corinne asitoke hotelini. Noreen anaondoka kesho kwa mama yake."

Akarudisha. Akarudisha tena. Mara ya sita maneno yalikuwa yaleyale.

Noreen alimjua Corinne vizuri. Ni yule dada wa ofisi ya habari ya timu, aliyewaletea pai ya maboga sikukuu ya Shukrani na kumkumbatia Noreen mlangoni kana kwamba wamenyonya ziwa moja.

Akampigia mumewe simu.

"Unalala ofisini leo?"

"Ofisini, mpenzi. Wiki ya Omaha hii, si unajua?"

"Najua. Dale, zile ishara chache za mikono za kumsalimia mama, ulijifunza?"

"Nori, kweli? Wiki hii?"

"Nauliza tu."

"Msimu ukiisha, mpenzi. Nakuahidi."

Noreen alikaa sakafuni akalia, tena kwa sauti, mtu mzima na kamasi zake. Kisha akanawa uso, akachukua kalamu. Aliandika "Tulsa: kulia". Kosa dogo hilo lingetosha kummaliza Dale. Akaliangalia. Wale wachezaji hamsini na tatu hawakumkosea kitu, na wake zao walimpa blanketi baridi ilipokaza. Akalikata, akaandika "kushoto".

Chini kabisa, kwenye mstari wa mwisho, akaongeza: "Corinne: asitoke hotelini. Mke anaondoka kesho."

Alijua Dale hataisoma. Hakuwahi kuihakiki kazi yake hata siku moja. Na wachapaji wangenakili tu, kwa sababu maneno ya siri ya makocha huwa hivyohivyo, leo mji, kesho jina la mwanamke, keshokutwa chakula.

Jumatano asubuhi Dale akaja, akaikunja karatasi mfukoni.

"Macho yako mekundu."

"Mafua."

"Kunywa kitu cha moto. Jumapili nakutaka jukwaani."

"Jumapili nitakuwa kwa mama."

Alikuwa ameshafika kwenye gari. Hakusikia.

Jumapili theluji ilikuwa imejaa Erie. Bernadette alibandika mchuzi wa nyama, wakakaa mbele ya televisheni, wakiongea kwa mikono kama kawaida yao.

Nusu ya pili ikaanza, Toledo mbele kwa pointi nne. Dale akainua karatasi yake ngumu, akaziba mdomo ili aite mchezo. Macho yakashuka mpaka mstari wa mwisho. Yakabaki palepale.

Wachezaji walimgeukia. Sekunde ziliyoyoma, muda ukaisha, mwamuzi akatupa kitambaa cha njano cha kuonyesha kosa, Toledo wakarudishwa yadi tano. Mtangazaji alishangaa kocha amepatwa na nini. Karatasi ilikuwa imeshushwa, na mdomo wa Dale ukasema neno moja mbele ya nchi nzima.

"Anakuita," mama alisema kwa mikono.

"Nimeona."

"Amejua kwamba umejua."

Noreen akamgeukia polepole.

"Mama. Wewe ulijua?"

Bernadette alimwonyesha Dale kwa kidole kwenye televisheni.

"Mechi zake zote naziangalia," mikono yake ilisema. "Nilimwona siku ileile ya Septemba."

"Na hukuniambia?"

"Kesho yake ulikuja hapa unacheka. Ukaniambia mtapata mtoto. Nilishindwa, mwanangu. Nikajidanganya labda nimesoma vibaya."

"Wewe hujawahi kusoma vibaya."

"Sijawahi."

Noreen akarudisha macho kwenye televisheni. Uchungu wa mume alikuwa ameanza kuuzoea tangu Jumatatu. Huu wa pili ulimkuta hajajiandaa.

Dakika ya mwisho Omaha walikuwa na mpira, wamekaribia kabisa kufunga. Mrushaji wao akapaza neno. Walinzi wa Toledo wote wakakimbilia kushoto, na mmoja wao akaudaka mpira hewani. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Toledo walikuwa wameshinda kwa "Tulsa".

Baada ya saa moja simu ikatetemeka.

"Nori nisamehe. Corinne si kitu kwangu, naapa. Tumeshinda kwa sababu yako. Rudi nyumbani tuongee."

Noreen aliisoma mara mbili. Moyo, kwa ujinga wake, ulianza kulegea. Alikuwa ameshika funguo za gari ujumbe wa pili ulipoingia.

"Jumamosi tunacheza na Spokane. Kanda zao nimekuwekea mezani. Ukifika tuanze nazo."

Akaweka funguo chini. Akampa mama yake simu amshikie, akasimama mbele ya kamera, akafumba mdomo. Kisha mikono yake ikasema yote ya miaka kumi na moja: ofisi isiyokuwa ofisi, kazi aliyoiacha, mtoto ambaye hatakuja. Ikamwambia pia kwamba wakili atampigia kesho. Dakika nne nzima. Akaituma video.

Jibu lilikuja haraka.

"Sielewi. Unasema nini?"

Noreen akaandika:

"Utajifunza msimu ukiisha."

Akazima simu, akaenda jikoni kupakua mchuzi, sahani mbili.