Kipanga Msibani

Risasi ilitoka juu ya paa la soko la Iringa ikampasua kijana mmoja kichwa kabla hajaingiza mkono ndani ya koti. Wauza nyanya walilala chini wakipiga yowe. Koti lilipofunguliwa likakutwa na bomu, na jioni ile nchi nzima ikamshangilia Kipanga, ndege isiyo na rubani. Kipanga aliongozwa na Sikivu, mtambo wenye masikio madogo kama punje ya mtama yaliyopachikwa katika kila ukuta na kila nguzo.

Aliyeubuni Sikivu ni mhandisi Yustina Kalinga, mwanamke mbishi kuliko punda. Bunge lilitaka kila tishio lisikilizwe kwanza na askari, ndipo Kipanga afyatue. Yustina akakataa katakata.

"Waheshimiwa, mnataka askari asikie mnayoongea na wake zenu chumbani? Mtambo hauna umbea. Unasikia, unapima, unasahau. Siri ya mwananchi isiguswe na binadamu."

Wakapiga makofi, wakapitisha. Sharti likafungwa ndani ya mtambo hata yeye mwenyewe asiweze kulifungua.

Mwaka haukuisha, mama yake akafariki. Yustina alikaa mkekani siku tatu, macho makavu. Siku ya maziko akaingia Osmund Mbawala, Mngoni, mtani wa ukoo wa Yustina wa Kihehe tangu mababu walipouana vitani na baadaye kupatana. Kazi ya mtani msibani ni kuwavuruga wafiwa mpaka wacheke, na Osmund aliimudu. Alijilaza juu ya jeneza, panga mkononi.

"Hazikwi mtu hapa. Huyu bibi nimemuua mimi, alikuwa anakula sana. Leo nawamaliza Wahehe wote, naanza na huyu binti yake anayejifanya msomi."

Waombolezaji wakaangua kicheko. Yustina naye akacheka, akacheka mpaka machozi aliyoyakosa siku tatu yakamtoka. Mara akasikia mvumo juu ya migomba, kicheko kikamkatika.

"Osmund, tupa panga. Sema unatania."

"Nitalitupa shingoni mwako," alijibu Osmund, akiwakonyeza watu.

Yustina alimrukia ili amkinge. Risasi ya kwanza ilipita kando ya sikio lake ikazama kifuani mwa Osmund. Ya pili ikamchana koo. Damu ikatiririka juu ya jeneza, ikamlowesha Yustina mikono hadi viwikoni. Simu yake ikaleta ujumbe: "Tishio limezimwa. Faragha imelindwa. Hakuna mtu aliyesikiliza."

Osmund alizikwa Songea, na sasa zamu ya kutania ilikuwa ya Wahehe. Walikaa kimya, wakitupia macho angani. Mjane wake, asiyejua Kipanga ni kazi ya nani, akamsogelea Yustina na kumshika mkono.

"Mtani, mbona umenyamaza? Sema basi ni wewe uliyemuua mume wangu, na mimi nicheke kidogo."

"Ni mimi," alisema Yustina.

Mjane akamtazama usoni, akingoja kicheko, na kicheko hakikuja.