Kagure Ageuza Kauli

Kila Jumatano baada ya masomo, Kagure alibeba debe la kahawa hadi kiwanda cha ushirika karibu na Gakindu. Huo ulikuwa mwaka wa 1974, naye alikuwa darasa la sita. Pale uani, kila mkulima alimwaga kahawa yake juu ya gunia na kuondoa mbichi, kwa kuwa kiwanda kilipokea nyekundu tu.

Jumatano moja Kagure alikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Badala ya kuchambua vizuri, alisukuma mbichi zake kwa mguu hadi kwenye gunia la jirani yao, Cucu Wakonyo, bibi mwenye macho hafifu. Nderitu, karani wa kiwanda, akaziona.

"Hizi mbichi ni za nani?"

"Ni za Cucu," Kagure alijibu upesi.

"Ati zangu?" Cucu alishangaa.

"Mama, wiki mbili usilete kahawa hapa," karani aliamua.

Wiki mbili! Kahawa ikiiva haimngoji mtu. Ingekaukia mtini, na Cucu hakuwa na zao jingine. Alikunja gunia lake akaenda zake.

Kesho yake Mwalimu Murugi aliandika ubaoni neno la Kiingereza, *about-turn*.

"Mtu akishikilia jambo, kisha ghafla akashika kinyume chake, neno lake ni hili," alieleza. "Mara nyingi hutumiwa kwa kulaumu. Nani ana mfano?"

"Baba alikataa kabisa kununua redio," Kingori alisema. "Kesho yake akaja nayo begani!"

Darasa zima lilicheka, isipokuwa Kagure. Kengele ilipolia, alimfuata mwalimu.

"Mwalimu, na mtu akigeuka ili aseme ukweli, atalaumiwa?"

"Wengine watamcheka. Lakini ageuke tu."

Jioni hiyo Kagure alisimama kiwandani mbele ya wakulima.

"Jana nilidanganya. Zile mbichi zilikuwa zangu."

Watu waliguna. "Jana hivi, leo vile!" karani alifoka. "Niamini kauli ipi?"

"Ya leo."

Karani akamtuma amwite Cucu alete kahawa yake. Kwa wiki mbili, Kagure ndiye angeichambua.

Nyumbani kwake, Cucu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuficha kwamba alikuwa ameumia.

"Uliniaibisha mbele ya watu," alisema, "na umejisahihisha mbele ya watu hao hao. Wakubwa wengi hukosea sokoni, wakaja kuomba radhi jikoni. Wewe usijifunze tabia hiyo. Haya, shika debe twende."