Mstari wa Ishirini na Tatu

Duka la uchapaji lililotazamana na mahakama lilifurika watu asubuhi ile. Mchapaji, binti wa gauni la kijani na ulimi usio na breki, aliinua macho akakutana na fundi wa kuchomelea vyuma: shati jeupe limenyooshwa pasi, shingo imeshonwa nyuzi tisa.

"Dada, wakili anataka kila mstari wa maelezo yangu uwe na namba. Nimeanza kwa mkono, nimekwama."

"Kwa mkono? Utazeekea hapa!"

Aliyachukua maandishi kwenye simu ya fundi, akayabandika kwenye tovuti ya kuipa mistari namba, akabonyeza mara moja. Namba zikajipanga zenyewe, moja mpaka sitini na nane.

"Hivyo tu?"

"Ulitaka nikupigie na ngoma?"

Fundi alicheka mpaka akaishika shingo kwa maumivu. Akaomba namba ya simu, akapewa.

Ila binti alikuwa ameshayasoma maelezo yale. Aliyemkata fundi panga, kisa amekataa kumtengenezea vyuma vya kuvunjia maduka, ni Chuma. Na Chuma ni kaka yake, tumbo moja. Ukweli huo ulimkwama kooni kama mwiba wa samaki mwezi mzima, kila fundi alipompigia na penzi likizidi kukolea.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula, kipenzi. Wewe je?"

Siku ya kesi, simu iliita saa nne asubuhi.

"Kumbe wewe ni dada yake Chuma, nimeambiwa hapa mahakamani!" Fundi alifoka. "Wakili kautaja mstari wa ishirini na tatu, wenye jina lake kwenye nakala yake ya mkono. Kwenye yako ni mtupu! Umelifuta!"

"Sijafuta! Tovuti imehesabu na nafasi tupu, sikuangalia vizuri. Jina limesogea tu, soma chini yake..."

Simu ilikatwa.

Hata hajaiweka mezani, Chuma akaingia. Alikuwa nje kwa dhamana, na salamu hakutoa.

"Hakimu kawapa nusu saa walete nakala nyingine. Futa jina langu."

"Kaka, sifuti."

Kofi lilimng'oa kitini. Chuma akakinyanyua kioo cha kompyuta, akakipasulia ukutani, kisha akaukanyaga mkono wa dada yake ulioshika nakala ya maelezo ya fundi. Vidole vikalia kama kuni kavu. Damu ikamchuruzika binti puani, ikalowesha gauni. Wateja walitimka, mmoja akarudi na askari wawili, wakamtia Chuma pingu. Binti karatasi hakuiachia.

Alivuka barabara vilevile, akaingia mahakamani akipepesuka.

"Mheshimiwa, jina liko mstari wa ishirini na nne. Ni kaka yangu. Na vidole hivi amenivunja sasa hivi."

Fundi alijifunika uso kwa viganja.

Chuma alifungwa miaka tisa. Mama yao akazitupa nguo za binti nje. "Umenizikia mwanangu angali hai!"

Hospitalini, fundi alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nilikuhukumu kabla sijakusikiliza. Nisamehe, mpenzi. Nataka nikuoe."

"Nenda kwa mama kwanza."

"Si atanifukuza?"

"Atakufukuza. Kesho yake urudi."

Fundi alikwenda. Mara ya kwanza alimwagiwa maji ya vyombo, ya pili alirushiwa mwiko, ya tatu mlango haukufunguliwa kabisa. Mara ya nne mama alisimama kizingitini, macho yamevimba kwa kilio, akamtazama lile kovu la shingoni muda mrefu.

"Vidole vya mwanangu," aliuliza, "vinakunjika?"