Mlango wa Chumba cha Kujifungulia

Bwana mmoja namjua, Mdoe, ni msimamizi wa matengenezo ya zahanati za vijijini huko Handeni. Alikuwa na tabia ya kuandika "tayari" daftarini kabla fundi hajafika. Aliuandikia hivyo mlango wa chumba cha kujifungulia, uliokuwa na kitasa kibovu. Mwezi uliofuata mkewe, Mashavu, akashikwa na uchungu humo. Nesi akatoka kufuata glovu, mlango ukanasa. Walipouvunja, mama na mtoto wameshaondoka duniani.

Baada ya arobaini, Mdoe akapeleka mlango mpya, akaupachika mwenyewe.

"Leo umekuja kweli, baba, au umeandika tu?" nesi akamuuliza, akaenda zake.

Mchana ule wingu lilitanda na umeme ulikatika, korido giza tii. Mdoe akafunga kwa ufunguo, yeye akiwa nje, kujaribu kitasa. Chumba kilikuwa kitupu, dirisha lina nondo.

Kitasa kikaanza kuchezeshwa kwa ndani. Ka, ka. Taratibu, halafu kwa fujo.

"Nafungua, Mashavu! Nafungua, mke wangu!"

Akazungusha ufunguo mara moja tu, mlango ukaachia kilaini. Ndani hamna mtu. Akashika kitasa cha upande wa ndani. Kilikuwa cha moto, kimelowa jasho.