Uwanja wa Bi Mashavu

Mashine ya Mtwaa-ardhi ilikuwa ndefu kuliko msikiti wa Ijumaa wa mji wa Chamwela, na ilikwenda polepole kama mama mjamzito anayetoka sokoni. Mbele ilikuwa na meno ya kung'oa, katikati tumbo la kusaga, nyuma mifagio ya chuma. Palipokuwa na pori la Igunya asubuhi, jioni palibaki ardhi nyekundu, tupu, imechorwa mistari iliyonyooka. Watu walipanda juu ya mapaa kuitazama. Pori lililowashinda babu zao lilikuwa linakunjwa kama jamvi.

Katika chumba cha uongozi wa mashine wahandisi walipiga makofi. Injinia Somoe Mbelwa alikuwa anaangalia ile mistari. Aliijua tangu utotoni.

Mtwaa-ardhi haikufanya kazi kwa kuandikiwa amri. Iliongozwa na akili mnemba iliyojifunza kwa kutazama. Kampuni ilitaka ijue ardhi iliyotunzwa inafananaje, basi ikaipa nyuki-macho, vijidude vinavyoruka na kamera, vipite kila asubuhi juu ya mtaa wa Kisimani, kwao Somoe, kuangalia viwanja vya nyumba. Kisimani walichaguliwa kwa sababu ya usafi wao. Pale mwanamke hamwulizi mtu habari za asubuhi kabla hajafagia. Jani moja chini ni aibu, nyasi ni nyumba ya nyoka. Uwanja unafagiwa mpaka michoro ya ufagio ionekane, halafu watu wanapita pembeni wasiivuruge.

Mashine ilikuwa imeshika somo vizuri mno: kila jani iliona ni uchafu. Sasa upepo wa kiangazi ulikuwa unabeba udongo wa Igunya na kuuleta mjini. Wakulima waliogawiwa mashamba walikuta mwamba. Watoto walilala na vichuja-hewa puani.

"Siwezi kuibadilisha nikiwa kule," Somoe alimwambia mama yake, Bi Mashavu, nyumbani Kisimani. "Inaamini inachokiona hapa. Kisimani wakiacha kufagia, nayo itaacha."

Bi Mashavu alikuwa anachambua mchele. Nyumba yake haijawahi kukosa watu. Mama Chiku wa nyumba ya pili alikuwa amekuja kuomba chumvi kidogo tangu asubuhi, na bado alikuwa amekaa na chumvi yake mkononi.

"Kisimani gani hao waache?"

"Wewe, mama. Ukiacha wewe wengine watafuata."

"Jumamosi washenga wa mdogo wako wanakuja."

"Najua."

"Unajua. Waje wakute majani, waseme Tunu kalelewa jalalani."

"Hata mimi nitasema," Mama Chiku akadakia, "na mimi ni mtu wenu."

Tunu alitokea jikoni akikohoa, ufagio mkononi. "Mama, leo nimeshafagia mara tatu. Vumbi linarudi kabla sijanyoosha mgongo."

"Fagia tena."

Bi Mashavu akarudi kwenye ungo wake. Mchele aliokwisha kuuchambua ulikuwa umeanza kuwa mwekundu. Akaupepeta, akautazama, akapitisha kidole.

"Huu mwarobaini wetu," alisema baadaye, "unapukutika sana siku hizi."

Tunu akaegemeza ufagio ukutani.

Jumamosi washenga walifika na majani yakiwa yamefunika uwanja mzima. Kiongozi wao, mama mnene mwenye kanga mpya, alisimama mlangoni akiwa amepandisha nguo juu ya vifundo.

"Kwema hapa? Hakuna mgonjwa?"

"Kwema. Piteni," Bi Mashavu akajibu. "Tumeacha kufagia. Majani yana kazi."

Walikunywa juisi haraka kama watu waliochelewa basi. Jibu lao Mama Chiku alilileta kabla wao hawajalituma: wanaomba muda wa kufikiria. Tunu aliosha masufuria ambayo hayakuwa machafu.

Jumatatu Somoe alimchukua mama yake mpaka chumba cha uongozi. Kwenye kioo, Mtwaa-ardhi ilikuwa imesimama mbele ya kichaka cha mkole. Ilikaa pale muda, kisha ikainua meno, ikakizunguka, ikaendelea kufagia upande wa pili.

"Kichaka kimoja tu," alisema Bi Mashavu.

"Uwanja mmoja, kichaka kimoja. Imepata shaka. Inasubiri kuona wengine."

"Na ndicho kilichomkosesha mwanangu mchumba?"

"Ndicho, mama."

Bi Mashavu alikikagua kwa makini kama anayekagua mkwe. "Kimepinda," akasema.

Kesho yake alfajiri mkono wake ulikwenda wenyewe nyuma ya mlango, ukashika ufagio, ukakaa hapo. Akauacha. Alitoka nje akapita katikati ya majani, viatu vikichakarisha. Ng'ambo ya ukuta ufagio wa Mama Chiku ulikuwa unalia chwa, chwa, chwa.

"Mama Chiku."

"Abee."

"Unafagia."

"Nafagia, dada. Mimi sina binti wa kuposwa, lakini midomo ya watu naiogopa."

"Watu wenyewe ni wewe. Habari za Tunu nani alizitangaza mtaani?"

Chwa, chwa.

"Chai iko tayari," alisema Bi Mashavu. "Njoo unywe. Ukimaliza, katangaze na hili la kuacha majani."

Nyuki-macho walikuwa wanakuja kutoka upande wa Igunya, chini chini juu ya mapaa, wakivuma. Ng'ambo ya ukuta ufagio ulipiga mara moja zaidi, ukanyamaza.