Saini Zilizokwanguliwa

Asubuhi ya Jumanne, siku nne kabla ya maonyesho mapya kufunguliwa, kibao cha picha ya tatu kilikuwa kimepungukiwa. Kichwa cha picha kilikuwepo, mwaka ulikuwepo, aina ya rangi ilikuwepo. Jina la mchoraji, ambaye ndiye Mkurugenzi wa jumba lenyewe la sanaa, ndilo lililokuwa halipo. Hapakuwa na dalili ya kufutwa. Palikuwa peupe tu, kama vile wino haujawahi kupita hapo.

Bi Vibao alikitazama kwa hasira ya fundi. Kazini walimwita hivyo kwa kuwa vibao vyote vya jumba lile, kuanzia mlango mkubwa hadi vyoo, alivichapa na kuvibandika yeye. Kile alikuwa amekipima jana yake kwa pimamaji na kukisoma mara mbili.

"Uzee huo," mlinzi wa ukumbi akamtania. "Nilidhani ni mimi peke yangu ninayesahau mambo."

"Mashine imekula wino," akajibu, akaenda kuchapa kingine.

Jumatano vibao tisa vilikuwa hivyo hivyo. Saa sita mchana, akiwa juu ya ngazi, akasikia kitu nyuma ya ukuta. Kwaru… kwaru… kwaru… Ukumbi ule ulikuwa chini ya ardhi, hauna dirisha, na taa zake hazikujua asubuhi wala jioni. Nyuma ya ukuta hapakuwa na chumba, palikuwa na zege na udongo. Kisha ikaja harufu ya tapentaini, na ndani yake karafuu.

Harufu hiyo aliijua tangu utotoni.

Shangazi yake, dada wa baba yake, alichora maisha yake yote katika chumba cha uani huku akitafuna karafuu kwa ajili ya jino bovu. Chumba kilikuwa na vigoda viwili, na cha pili hakikukaliwa na mtu. "Hicho kina mwenyewe," shangazi alisema bila kugeuka. "Yeye ananionyesha rangi, mimi namtilia alama yake. Tumeelewana." Kwenye pembe ya kila picha aliandika jina lake, na chini ya jina akaweka nukta tatu nyekundu. Nyumba nzima ilijua kwamba ana jini, na kwa kuwa halikumdhuru mtu, walilizoea kama watu wanavyomzoea mpangaji mkimya.

Alipofariki, Mkurugenzi alikuja kutoa pole, akaziona picha ishirini na nne zimeegemezwa ukutani, hazijawahi kutoka nje ya chumba kile. Wiki moja baadaye alimwita Bi Vibao, wakati huo kibarua wa kufuta vumbi, akafunga mlango.

"Marehemu hahitaji tena jina," alimwambia. "Wewe unahitaji kazi ya kudumu."

Baba yake akaambiwa picha zimeliwa na mchwa. Mkurugenzi alikuja kuzitia saini yake baadaye. Lakini aliyezikwangua saini za zamani, moja baada ya nyingine, kwa wembe na pamba iliyolowa, majina pamoja na nukta zake, alikuwa Bi Vibao.

Alhamisi jina la Mkurugenzi likatoka mlangoni kwake. Likatoka kwenye kitambulisho chake, likatoka kwenye kadi zote za mwaliko ambazo zilikuwa bado ndani ya bahasha. Akamwita Bi Vibao ofisini, akaongea kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

"Unanichezea?"

"Mimi, bosi? Hata kidogo."

"Basi niite. Niite jina langu."

Bi Vibao akafungua kinywa. Uso huo aliujua kwa miaka minane, na jina lake alilichapa mara zisizo na idadi. Akalitafuta kichwani. Palikuwa peupe.

"Limenitoka," akanong'ona.

Mkurugenzi akajiachia kwenye kiti. "Asubuhi mke wangu ameniuliza, wewe, unaondoka saa ngapi? Kama vile anamuuliza fundi bomba."

Ijumaa Bi Vibao akamleta mganga. Alikuwa mama mnene mwenye miwani na mkoba wa ofisini, akaingia kwa tiketi kama mgeni yeyote. Ukumbini, Mkurugenzi akiwa nyuma yao, alipita picha mbili, akafika mbele ya ile ya tatu, akanusa, akarudi nyuma haraka.

"Mimi natoa majini yaliyopanga ndani ya watu," alisema polepole. "Hili halikupanga. Limekuja kudai. Nikilifukuza, litarudi na ndugu zake."

"Linadai nini?" Mkurugenzi akauliza.

"Jina la mwenye picha na alama yake virudi mahali pake. Na waliovitoa waseme kwa vinywa vyao, mbele za watu." Akamgeukia Bi Vibao. "Wote wawili."

"Kesho nafungua maonyesho yangu," Mkurugenzi akasema. "Nimeyasubiri miaka thelathini. Siwezi kupanda jukwaani kujivua nguo."

Mganga akafunga mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Mkurugenzi alipanda jukwaani na suti mpya, akashika kipaza sauti, akasema, "Mabibi na mabwana, mimi ni…" na hapo hapo sauti ikaanza, si nyuma ya ukuta tena bali ndani ya spika zote nne, kwaru, kwaru, kwaru, watu wakaziba masikio, karafuu ikajaa hewani mpaka macho yakawatoka machozi, na Bi Vibao, aliyekuwa ameegemea nguzo, akauona mdomo wa mzee yule ukifunguka na kufumbika bila kutoa neno, akaziona picha zikitokwa jasho, na kwenye pembe ya kila picha jina la shangazi yake likipanda kutoka chini ya rangi kama mtu anayejivuta kutoka kisimani, na chini ya jina nukta tatu, mbichi, nyekundu, zikitiririka hadi kwenye fremu, na sauti ilipokatika ghafla watu wote wakamtazama mzee aliye jukwaani kwa adabu ile wanayotazamwa nayo wageni waliokosea mlango.

Mke wake, mstari wa mbele, akamwinamia jirani yake. "Huyu baba ni nani?"

Mlinzi akapanda, akamshika mkono kwa upole. "Twende, mzee wangu. Umekuja na nani?"

Akatolewa nje akilia kama mtoto, na hakuna aliyeuliza habari zake tena.

Ndipo pumzi ya moto ikagusa sikio la Bi Vibao.

"Na wewe?"

Kipaza sauti kilikuwa hatua kumi mbele yake. Watu walikuwa wamejaa, wengi wao wakimjua. Akainamisha kichwa.

"Jina nitalirudisha," akanong'ona. "Nitachapa vibao vipya leo leo. Niache, nakuomba."

Pumzi ikaondoka. Alidhani wameelewana.

Alasiri hiyo alibandika vibao vyote ishirini na vinne, jina la shangazi kwa herufi nene, na nukta tatu pembeni. Ukumbi haukunuka kitu. Redio ilitangaza kwamba mwenye picha amejulikana, mama mmoja aliyechora uani kwake bila kuonwa.

Baba yake alisikia. Jumapili mlango ulipofunguliwa, alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na koti lake la harusini na fimbo mkononi.

"Mchwa gani hao wanaotapika picha?" alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Nipeleke, mwanangu. Nikamwone dada yangu."

Bi Vibao akatangulia. Kutoka mbali akaona kibao cha kwanza kimerefuka. Chini ya jina la shangazi palikuwa na mstari ambao hakuuchapa yeye: *Saini yake ilikwanguliwa kwa wembe na mpwa wake.* Kisha majina yake Bi Vibao mwenyewe, yote matatu.

Akakimbia, akakibandua. Nyuma ya kibao maneno yale yale yalikuwa yameingia kwenye ukuta. Akaingiza kucha. Kwaru. Kwaru. Safari hii sauti ilitoka kwenye mkono wake, na kila alipokwangua, wino ulizidi kukolea.

"Sogea, mwanangu. Umenizibia."

"Ni maandishi ya kazini tu, baba. Tazama picha."

"Kama yanamhusu dada yangu, nitayasoma."

Mzee akavaa miwani, akaweka kidole ukutani, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama alivyofundishwa shuleni. Akafika kwenye jina la kwanza. Akafika kwenye la pili, ambalo lilikuwa lake yeye. Kidole kikasimama hapo.

Hakugeuka kumtazama.

"Ziko ngapi?"

"Ishirini na nne, baba."

"Na zote zimeandikwa hivi?"

Bi Vibao akageuza macho kwenye vibao vilivyofuata. Nyuma ya shingo yake mtu alikuwa anatafuna karafuu, taratibu, bila haraka yoyote.

Mzee akajishika kwenye fimbo yake.

"Twende ya pili," akasema.